Ngozi ya Mafuta na Tiba za Jikoni: Kipi Kitumike, Kipi Kiachwe

Ngozi yenye mafuta si ugonjwa, wala si dalili ya uchafu. Hata hivyo, ni miongoni mwa mambo yanayowafanya watu wengi, hasa vijana, wajaribu kila wanachosimuliwa: ndimu, magadi, dawa ya meno, asali, yai, udongo na liwa. Baadhi ya vitu hivyo havina madhara, na vichache vina manufaa. Vingine huunguza. Makala haya yanaeleza namna mafuta ya ngozi yanavyotokea, tiba zipi za nyumbani zinafaa na zipi ziepukwe. Yanaeleza pia jinsi kosa dogo lililofanyika jikoni linavyoweza kumfikisha mtumiaji kwenye kopo la krimu yenye sumu, ambayo madhara yake ni makubwa kuliko mafuta aliyotaka kuyaondoa.

MAFUTA HAYO HUTOKA WAPI

Ndani ya ngozi kuna tezi ndogo zilizoungana na mashina ya vinyweleo. Kazi yake ni kutengeneza mafuta ambayo hupanda kupitia matundu ya vinyweleo na kutandaa juu ya ngozi. Tezi hizo zimesambaa karibu mwili mzima, isipokuwa kwenye viganja na nyayo, lakini ni nyingi na kubwa zaidi usoni, kichwani, kifuani na mgongoni. Ndiyo maana paji la uso, pua na kidevu huweza kung'aa hali mashavu ni makavu.

Mafuta hayo yana kazi. Huilainisha ngozi, hupunguza upotevu wa maji mwilini na huchangia katika kuihifadhi hali ya uchachu kidogo ambayo vijidudu vingi vya maradhi haviipendi. Kiasi chake hutawaliwa hasa na homoni, na kwa sababu hiyo huongezeka wakati wa balehe na, kwa baadhi ya wanawake, siku chache kabla ya hedhi. Urithi nao una sehemu yake: mtoto wa wazazi wenye ngozi ya mafuta ana uwezekano mkubwa wa kuwa nayo. Katika miji yenye joto na unyevunyevu kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, mafuta huchanganyika na jasho na kuufanya uso ung'ae zaidi.

Kutokana na maelezo hayo, mtumiaji ayazingatie mambo mawili. Kwanza, hakuna kitu cha jikoni kinachopakwa nje ya ngozi kikabadilisha homoni au kuziondoa tezi. Kuosha uso huondoa mafuta yaliyokwisha kutoka, nayo hurudi baada ya saa chache. Yeyote anayeahidi kuyamaliza mafuta moja kwa moja anaahidi jambo lisilowezekana. Pili, lengo la matunzo si kuikausha ngozi, bali ni kupunguza mng'ao na kuzuia matundu yasizibe. Matundu yakizibwa na mafuta pamoja na seli zilizokufa, bakteria waishio humo huongezeka na chunusi hutokea.

KUTOKA NDIMU HADI KOPO LA KRIMU

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 19 mwenye uso wa mafuta na chunusi chache. Anashauriwa na rafiki yake ajipake maji ya ndimu kila asubuhi kwa kuwa ndimu "hukata mafuta". Ushauri huo unaonekana kuwa wa busara, kwani ndimu hiyohiyo hukata shombo la samaki na kutakatisha sufuria. Tatizo ni kwamba ngozi hai si sufuria.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Ngozi yenye afya huwa na pH ya takriban 5, na maji ya ndimu au limau huwa na pH ya takriban 2. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni sawa na mara 10. Kwa hiyo tofauti ya hatua 3 ina maana kwamba uchachu wa ndimu unazidi ule wa ngozi kwa mara 1,000 hivi. Zaidi ya hayo, ndimu ina kemikali za asili ambazo, zikipigwa na jua zikiwa juu ya ngozi, huiunguza. Mchomo huo hauonekani papo hapo. Kwa kawaida hujitokeza baada ya siku moja au mbili, kwa wekundu, muwasho na wakati mwingine malengelenge, na mtu huenda asikumbuke kabisa kwamba chanzo chake ni ndimu.

Ngozi iliyoungua au kuvimba huzalisha rangi kwa wingi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, jeraha dogo huacha doa jeusi linaloweza kudumu kwa miezi mingi. Hapo msichana wetu ana shida mpya. Alikuwa na mafuta. Sasa ana madoa. Anakwenda sokoni kutafuta cha kuyaondoa, na anauziwa krimu iliyopimwa kutoka kwenye ndoo na kutiwa ndani ya kopo lisilo na lebo.

Krimu za namna hiyo huweza kuwa na viambato vitatu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Cha kwanza ni zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Kwa kuwa zebaki hutoa mvuke na hushika kwenye mataulo na mashuka, hata watoto wa nyumba hiyo ambao hawajapaka chochote wanaweza kudhurika. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumika kwa muda mrefu huweza kusababisha weusi wenye rangi ya samawati usiotoka kwa urahisi, yaani kinyume cha kile mtumiaji alichokitafuta. Cha tatu ni steroidi, ambazo ni dawa za hospitali. Zikipakwa usoni bila uangalizi wa daktari, hufanya ngozi kuwa nyembamba, huonyesha mishipa ya damu, na huzalisha chunusi. Mtumiaji anapoziacha ghafla, uso humwasha na kuwa mwekundu kuliko mwanzo, naye huona hana budi kuendelea.

Hivyo ndivyo mtu aliyeanza na mng'ao wa kawaida wa ujana anavyoweza kufikia chunusi za dawa, madoa ya kudumu na sumu mwilini. Si kila anayepaka ndimu hufika huko. Lakini wanaofika huko, wengi walianza kwa kujaribu kuondoa kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuondolewa.

VITU VYA KUEPUKA USONI

Neno "asili" halina maana ya "salama". Vitu vifuatavyo ni vya kawaida majumbani, lakini havifai kupakwa usoni:

Ndimu, limau na siki. Sababu za ndimu na limau zimekwisha elezwa. Siki nayo ni asidi inayounguza, hasa isipochanganywa na maji.

Magadi. Magadi yapo upande wa pili wa kipimo: maji yake huwa na pH ya takriban 10. Huondoa mafuta kweli, lakini huondoa pamoja nayo kinga ya ngozi, na kuiacha ikiwa kavu, yenye kupasuka na kuwasha. Sabuni ya mche ya kufulia ina tatizo linalofanana na hilo.

Kitunguu saumu kibichi. Kikipondwa na kubandikwa kwenye chunusi, huweza kuunguza ngozi hadi kutoa malengelenge.

Dawa ya meno. Imetengenezwa kwa ajili ya meno. Mnanaa, sabuni na chembe za kusugulia zilizomo huikera ngozi. Chunusi huonekana kukauka kwa sababu ngozi inayoizunguka imekauka.

Sukari, chumvi na kahawa ya kusugulia. Chembe zake huchubua ngozi. Mwenye chunusi akijisugua hivyo, hupasua vipele na kuongeza uwezekano wa makovu.

Spiriti. Hukausha kwa haraka na kuacha ngozi ikiwa imekereka.

Mafuta ya nazi. Ni mazuri kwa mikono, miguu na nywele, lakini kwa uso wenye mafuta na chunusi huweza kuziba matundu. Anayepaka mafuta mazito ya nywele naye ajihadhari: mafuta yakitiririka kwenye paji la uso wakati wa joto, vipele hutokea kufuata mstari wa nywele.

VINAVYOWEZA KUTUMIKA, NA KWA KIASI GANI

Udongo laini mweupe. Aina hii ya udongo, ambayo hutumika pia katika vipodozi vya viwandani, hunyonya mafuta yaliyo juu ya ngozi. Miongoni mwa tiba zote za nyumbani, hii ndiyo yenye sababu iliyo wazi ya kufanya kazi. Itumike mara moja kwa wiki, kwa dakika 10 hivi, na ioshwe kabla haijakauka kabisa na kuanza kuvuta ngozi. Usitumie udongo uliochimbwa shambani au ule unaouzwa kwa ajili ya kuliwa, kwani unaweza kuwa na vijidudu au metali nzito. Tumia uliofungashwa na wenye lebo.

Liwa. Wanawake wa mwambao wamesugua liwa juu ya jiwe na kujipaka kwa vizazi vingi. Unga wake laini hunyonya mafuta kidogo na huacha ngozi ikiwa na hisia ya ubaridi. Kwa watu wengi hauna madhara, ingawa wachache hupata mzio. Hatari iko zaidi katika unga uliokwisha kusagwa na kuuzwa kwa jina la liwa bila ya mnunuzi kujua kilichomo. Kipande cha mti unachosugua mwenyewe ni rahisi kukitambua. Unga uliochanganywa si rahisi.

Asali. Huihifadhi ngozi isikauke na ina uwezo kiasi wa kuzuia bakteria. Haipunguzi mafuta. Ipakwe kwa dakika 10 hadi 15, kisha ioshwe vizuri kwa maji ya vuguvugu. Asali iliyochakachuliwa kwa sukari haina faida hiyo.

Mshubiri. Ute mweupe wa ndani hutuliza ngozi iliyokereka. Utomvu wa manjano unaotoka jani linapokatwa ndio unaowasha. Lisimamishe jani lichuruzike, lioshe, lisafishe maganda, ndipo utumie ute wake.

Ute wa yai. Ukikauka huivuta ngozi, na hisia hiyo ndiyo inayofanya watu waamini kwamba matundu yamefungwa. Matundu ya ngozi hayana misuli ya kuyafungua na kuyafunga. Yai bibichi huweza kubeba bakteria wa salmonela, na kwa kuwa hupakwa karibu na midomo, ni afadhali liachwe.

Kwa chochote utakachochagua, fuata kanuni tatu. Kwanza, kijaribu kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko na usubiri saa 48. Ikiwa itawasha au kuwa nyekundu, kiache. Pili, tumia kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili likitokea tatizo ujue limetoka wapi. Tatu, tengeneza kiasi cha siku hiyo tu. Mchanganyiko wa jikoni hauna kihifadhi, na ukiwekwa kabatini kwa siku kadhaa huota ukungu na bakteria ambao utawapaka usoni mwako.

MSINGI WA MATUNZO YA KILA SIKU

Mambo yanayosaidia zaidi ni ya kawaida. Osha uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na pia baada ya kutoka jasho jingi. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini ya uso, kwa ncha za vidole, bila dodoki wala kitambaa kigumu. Futa kwa kugusa, si kwa kusugua, na kila mtu awe na taulo lake.

Mng'ao ukirudi mchana, karatasi laini au leso safi ikigandamizwa kwenye paji la uso na pua huondoa mafuta bila kuidhuru ngozi. Usiuoshe uso kwa sabuni kila unapong'aa.

Ngozi yenye mafuta nayo huhitaji unyevu. Chagua losheni nyepesi. Kwenye lebo, maneno "oil-free" humaanisha kwamba bidhaa haina mafuta, na "non-comedogenic" humaanisha kwamba mtengenezaji ameikusudia isizibe matundu. Jikinge na jua kwa kofia, mtandio, mwavuli au losheni ya kuzuia miale, kwa sababu jua huyafanya madoa kuwa meusi zaidi. Na usitumbue chunusi. Makovu mengi ya usoni yametokana na kucha za mwenye uso.

KABLA YA KUNUNUA

Kitu ulichokiandaa nyumbani kwa matumizi yako ni chako na dhamana ni yako. Kikishafungashwa na kuuzwa kwa ajili ya kupaka mwilini, ni kipodozi, hata kama kimetengenezwa kwa asali na liwa tupu, na sheria inakihusu. Nchini Tanzania, jukumu la kudhibiti vipodozi lilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, wakati dawa zimebaki chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usihukumu krimu kwa kopo lake. Kabla ya kulipa, soma lebo na uhakikishe kwamba ina:

- jina la bidhaa na orodha ya viambato;
- jina na anwani ya mtengenezaji, pamoja na nchi ilikotengenezwa;
- namba ya toleo;
- tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi;
- maelekezo ya matumizi katika lugha unayoielewa.

Mchoro mdogo wa kopo lililo wazi wenye maandishi kama "6M" au "12M" huonyesha idadi ya miezi ambayo bidhaa hufaa kutumika tangu siku ilipofunguliwa.

Katika orodha ya viambato, yatafute majina haya na uyakimbie: "mercury", "mercurous chloride", "calomel" na "hydroquinone". Steroidi nazo hutambulika kwa majina kama "clobetasol" na "betamethasone". Kumbuka kwamba muuzaji asiye mwaminifu hataviandika viambato hivyo. Kwa hiyo lebo isiyo na orodha ya viambato, krimu ya kupimiwa, au ahadi ya kung'aa ndani ya siku 3 au 7, kila kimoja ni sababu tosha ya kuacha kununua. Omba risiti kila unaponunua, kwani bila risiti ni vigumu kuithibitisha bidhaa ilikotoka.

LINI UMWONE MTAALAMU

Mafuta pekee hayahitaji daktari. Nenda kituo cha afya iwapo una vipele vikubwa vyenye maumivu, chunusi zinazoacha makovu, au chunusi zisizopungua baada ya miezi 2 hadi 3 ya matunzo mazuri. Mwanamke ambaye mafuta na chunusi vimeongezeka ghafla, huku hedhi ikiwa haina mpangilio au ndevu zikiota kidevuni, achunguzwe homoni. Ziko dawa zenye ufanisi, zikiwamo za kupaka zenye benzoili peroksaidi, lakini huhitaji wiki kadhaa kabla matokeo hayajaonekana. Baadhi ya dawa za kumeza za chunusi husababisha ulemavu kwa mtoto aliye tumboni, na hazipaswi kununuliwa bila cheti cha daktari.

Ikiwa umekuwa ukitumia krimu isiyo na lebo, usione haya kuipeleka hospitali pamoja na kopo lake. Mtaalamu atakuelekeza namna ya kuiacha salama. Mwambie pia iwapo una mimba au unanyonyesha.

KWA UFUPI

Ngozi inayong'aa ni ngozi inayofanya kazi yake. Ioshe kwa upole, ilinde na jua, ipumzishe na majaribio. Ukitaka tiba ya nyumbani, chagua inayotuliza au inayonyonya mafuta, si inayounguza. Ndimu ibaki kwenye samaki na magadi yabaki kwenye maharage.

Ukikuta kipodozi kisicho na lebo, chenye kiambato kilichopigwa marufuku, au kilichokudhuru, hifadhi kopo na risiti na utoe taarifa katika ofisi ya TBS iliyo karibu nawe. Kopo moja likifikishwa mapema, huenda likawaokoa wengine ambao bado hawajalinunua.